Dengue: je, neno hili ni letu?

Chukua kamusi kubwa yoyote ya Kiingereza, tafuta dengue, halafu soma pale wanapoeleza neno limetoka wapi. Kwanza utaambiwa ni Kihispania cha visiwa vya Karibi. Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, inaingia "labda": labda Wahispania nao walilitoa kwenye Kiswahili, kwenye maneno kidinga pepo. Basi. Hakuna maelezo zaidi. Unaachwa hapo, ukijiuliza watu wa Havana walijifunza lini Kiswahili.

Kwenye kipindi tuliligusa neno hili kwa dakika mbili tu, tukiwa tunaongea habari za maneno ya Kiswahili yaliyohamia ng'ambo. Baada ya hapo meseji hazikukatika. Wengi walifurahi, na nawaelewa. Sisi tuliokulia Rinkeby, Husby, Farsta na kwingineko, tukiulizwa na Mswidi kama Kiswahili "kimewahi kutoa neno", huwa tunarukia safari. Hata kule kaskazini wanauza älgsafari, yaani unapanda basi kwenda kutazama kongoni wa kizungu msituni. Wa pili ni jenga, ule mchezo wa vibao ambao Leslie Scott, mzaliwa wa Tanganyika, aliupeleka kwenye maonyesho ya vinyago London mwaka 1983, akakataa katakata kuubadilisha jina. Baada ya hayo mawili mtu anaanza kukuna kichwa. Sasa ukipata la tatu, tena la kitabibu, linalotumika kuanzia Manila hadi Rio, lazima utake liwe lako.

Mimi pia nilitaka liwe langu. Ila nina sababu nyingine ya kulifuatilia, na si ya kujivunia lugha tu. Neno hili liliwahi kuingia nyumbani kwetu.

Ilikuwa Januari 2018. Mama alikuwa amerudi kutoka Mombasa, alikokwenda kwa harusi ya binamu yake. Siku ya tatu baada ya kurudi akashikwa na homa, na siku ya nne akawa hawezi kufungua mlango wa friji. Si kwamba alikuwa mvivu wa kuinuka. Vidole vilikataa kabisa kukunjua. Nilikuwa na miaka 16, baba yuko kazini zamu ya usiku, kwa hiyo mimi ndiye niliyepiga 1177, nikaweka simu katikati ya meza ya jikoni, nikawa mkalimani.

Kama umewahi kumkalimania mzazi wako mambo ya hospitali unaijua hali ile. Nesi anauliza swali fupi la Kiswidi, safi, limenyooka. Wewe unaligeuza. Halafu jibu linakuja refu kama hadithi. Mama alisema: "Mwambie maungo yamenikatika. Mwambie mifupa yavunjikavunjika, nikisimama nakunjika kama mtu wa miaka mia." Nikatafuta kichwani Kiswidi cha hayo yote nikapata neno moja tu, ledvärk, maumivu ya viungo. Linatosha kwenye fomu. Lakini kukatika, kuvunjikavunjika na kukunjika vyote vilikuwa vimeanguka njiani. Nesi akauliza, kwa kipimo cha 0 hadi 10, maumivu ni ngapi? Mama akanitazama kana kwamba nimeuliza bei ya mwezi. "Mwambie siwezi kushika kikombe cha chai." Nikamwambia hivyo hivyo, kikombe cha chai. Nesi, Mungu ambariki, alisema hilo linatosha kabisa.

Kisha akauliza ametoka nchi gani, na wapi hasa. Nikataja Mombasa. Hapo ndipo akalitoa: kan vara denguefeber. Inaweza kuwa dengue. Akatuambia Mama anywe maji mengi, homa aitulize kwa Alvedon tu, na asiguse Ipren wala aspirini mpaka vipimo vitoke, kwa sababu dengue huweza kusababisha kuvuja damu na dawa hizo huongeza hatari hiyo. (Hili likumbukeni ninyi mnaorudi pwani kila Desemba. Paracetamol, ndiyo. Hizo nyingine, subiri daktari.) Na asubuhi twende kwenye kituo cha afya cha mtaani kwetu atolewe damu.

Usiku ule Mama alimtumia nyanya yangu ujumbe wa sauti. Watu wa Dar mtanisamehe, kwetu Mombasa nyanya ni bibi, na si lazima iwe kwenye kachumbari. Jibu likaja baada ya dakika tano, na sauti ya jogoo nyuma: "Hicho si dengi, hicho ni kidingapopo. Mbona mwakipa jina la kizungu? Kilimshika mamangu, akatembea amejipinda mwezi mzima."

Kidingapopo. Lile neno la kamusi, limetoka kinywani mwa mtu ambaye hajawahi kushika kamusi ya Kiingereza maishani mwake. Kweli neno hili limo kwenye kamusi za Kiswahili pia, na maana yake ni homa ya dengue. Swali ni nani alimwazima nani.

Tuanze na aliyeliandika. Miaka ya 1860 na mwanzoni mwa 1870 palikuwa na daktari Mskoti Unguja, James Christie. Ndiye aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, kilichotoka London mwaka 1876. Mwaka 1870, kipindupindu kikiwa kimekwisha kuua watu wengi mjini, ukaja ugonjwa mwingine. Huu haukuua sana, ila uliwalaza watu karibu wote: Waarabu, Wahindi, Waswahili, Wazungu, bwana na mtumwa. Homa ya ghafla, vipele, na maumivu ya viungo yanayomwacha mtu ameinama. Christie aliuliza jina lake, akaambiwa kidinga pepo. Wazee wakamwambia si mgeni huyu, alikuja pia yapata miaka hamsini nyuma, na yeye akapiga hesabu akaona ni mwaka 1823.

Mwaka 1872 akachapisha makala kwenye jarida la madaktari wa Uingereza, jina hilo la Kiswahili likiwa palepale kwenye kichwa cha habari. Naona raha kidogo kulifikiria jambo hilo. Miaka tisa baadaye, mwaka 1881, akaandika tena, na safari hii akaunganisha mambo. Alisema ugonjwa wa Unguja ndio uleule uliopiga visiwa vya Karibi mwaka 1827 na 1828, na kwamba jina dengue lilitokana na dinga. Kwa maelezo yake, dinga ni mshtuko wa ghafla wa misuli kukaza, na pepo ni pepo, hahitaji tafsiri. Watumwa waliosafirishwa kutoka pwani yetu ndio waliofika na jina, Wahispania wakalisikia vibaya.

Hadithi inavutia, na ina mifupa. Kilwa iliuza watu kwa Wafaransa. Mwaka 1776 sultani wake alitia saini mkataba na mfanyabiashara Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi walipelekwa Mauritius na Réunion, lakini meli nyingine zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema zikaenda hadi Karibi, na katika karne ya 19 meli kutoka Msumbiji zilifika Brazil na Cuba. Kwa hiyo mtu anayejua Kiswahili kufika Cuba si muujiza. Ni biashara iliyokuwa na vitabu vya hesabu.

Na kabla hatujasema hayo ni mambo ya Wafaransa na Wareno: mwaka 1827 Uswidi nayo ilikuwa Karibi. Kisiwa cha Saint-Barthélemy kilikuwa koloni la Uswidi kuanzia 1784 mpaka 1878, mji wake mkuu bado unaitwa Gustavia kwa jina la mfalme Gustav wa Tatu, na utumwa ulikomeshwa pale mwaka 1847 tu. Wimbi la homa la 1827 lilianzia St Thomas, koloni la Denmark wakati huo, si mbali na hapo kwa jahazi. Shuleni mimi nilisoma juu ya Gustav wa Tatu akipigwa risasi kwenye dansi ya vinyago. Gustavia sikuisikia hata mara moja, nimekuja kuijua kwa kufuata homa.

Sasa sikiliza majina waliyoyatoa watu wa visiwa vile. Waliozungumza Kiingereza waliita dandy fever, homa ya mlimbwende. Mlimbwende yule wa zamani lakini, mwanamume aliyejipamba, shingo ameikaza, anatembea kama anaogopa kukunja suruali. Mgonjwa wa homa hii anatembea hivyohivyo, maana viungo havikunjiki. Kule Cuba wakaita dengue, na dengue kwa Kihispania ni maringo, madaha, kujifanya huwezi hiki huwezi kile. Kwa kifupi ni deko. Mtu anadeka. Yaani pande mbili za bahari, lugha mbili tofauti, utani uleule.

(Na kabla hujanitumia meseji: ndiyo, kudeka na dengue vinafanana masikioni. Hapana, sidhani kuna uhusiano wowote. Ukianza kufuata sauti tu utagundua kwamba Kiswidi chote ni Kiswahili, kuanzia baba hadi bada.)

Wanaoshikilia Kiswahili wanasema hivi: dinga ilifika kwanza, Mhispania akasikia neno geni, akalivika neno lake la deko lililokuwa linafanana nalo, na Mwingereza akalivika dandy. Lugha hufanya hivyo kila siku. Sisi wenyewe tumefanya keep left ikawa kiplefti.

Nilikuwa nimeridhika kabisa na maelezo haya mpaka nilipokutana na Malkia wa Uhispania.

Mwaka 1998 daktari na mwanahistoria José Rigau-Pérez, wa Puerto Rico, alichapisha makala kuhusu matumizi ya zamani ya neno hili. Ndani yake kuna barua ya Malkia María Luisa, aliyoiandika mwaka 1801 akiwa kwenye jumba la kifalme la Aranjuez, karibu na Madrid. Anaeleza kwamba alikuwa mgonjwa lakini sasa ana nafuu, ni mafua tu yaliyoshika kila mtu msimu ule, ambayo watu wanayaita dengue. Miaka 26 kabla ya homa ya Karibi, na miaka 22 kabla ya mlipuko wa kwanza ambao wazee wa Unguja waliukumbuka. Malkia wa Uhispania hakuwa anazungumza na mtu wa Kilwa. Alikuwa anatumia neno la watu wa nchi yake kwa ugonjwa unaokufanya udeke.

Kwa hiyo uamuzi wangu, kama kuna anayeuhitaji: neno dengue ni la Kihispania. Barua ni barua. Kwa upande wetu tuna Christie, aliyesikia mfanano mwaka 1870 na kuunganisha mwaka 1881, zaidi ya nusu karne baada ya jina kuwa limekwisha zoeleka Cuba. Hakuna karatasi ya Karibi ya 1827 iliyoandikwa kidinga pepo, au kama ipo basi haijafika mikononi mwa wanaobishana. Inawezekana neno la Kiswahili lilifika pia likakutana na la Kihispania wakapeana mkono. Inawezekana. Lakini kusema kwenye kipindi kwamba "dengue ni Kiswahili" bila kutia labda, mimi siwezi, na wenzangu wawili wa kipindi wameshanilaumu vya kutosha kwa kuwaharibia klipu.

Ila kidingapopo ni letu, hilo halina mjadala. Na ukiliangalia vizuri lina mambo. Christie aliandika pepo, kamusi za baadaye na nyanya yangu wanasema popo, yule mnyama anayelala kichwa chini. Ni nani aligeuza? Wazo langu mimi ni kwamba halikugeuzwa kwa bahati mbaya. Tazama jinsi Kiswahili kinavyoita magonjwa yanayokamata mwili ghafla. Tetanasi ni pepopunda, mwili unakakamaa kama punda aliyepandwa na pepo. Kifafa cha homa cha watoto ni degedege, ambalo pia ni jina la nondo anayeruka usiku, na kuna wazee wa pwani watakaokwambia mtoto amepitiwa na mdudu huyo. Kitu chenye mabawa kinapita gizani na mwili unajikunja. Popo anakaa vizuri kabisa kwenye familia hiyo. Waliokulia Pemba watakuwa wameshamkumbuka popobawa, lakini huyo ana kipindi chake mwenyewe na sitamleta hapa usiku huu.

Turudi kwa Mama, maana damu yake ilitoa jibu ambalo hakuna aliyelitegemea.

Tulisubiri wiki mbili na zaidi. Homa iliisha mapema, siku tano hivi, lakini viungo havikuisha. Asubuhi vifundo vya mikono vilikuwa vimevimba, na alishuka ngazi za kituo cha treni kwa kutanguliza mguu uleule mmoja, kama mtoto. Ndipo daktari akapiga simu. Dengue hakuna. Kilichoonekana kwenye damu ni chikungunya.

"Chiku nani?" Mama akauliza. Alifikiri anaulizwa habari za mtu.

Baadaye tukasoma kwamba Mombasa ilikuwa na mlipuko wa chikungunya uliobisha hodi mwishoni mwa 2017 na kuendelea miezi kadhaa ya 2018, katikati ya msimu wa harusi. Mbu wanaoeneza dengue na chikungunya ni haohao, Aedes, weusi wenye madoa meupe miguuni, wanaouma mchana wakati chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda. Homa zinafanana, vipele vinafanana. Kinachozitofautisha zaidi ni viungo: dengue hukuumiza kisha ikakuachia, chikungunya yaweza kukaa vidoleni miezi, hata miaka.

Sasa rudi Unguja 1870, na uisome tena habari ya Christie ukiwa na hilo kichwani. Watu walioinama. Maumivu ya viungo yanayorudi baada ya homa kwisha. Vifo vichache. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey aliandika makala akiuliza swali hilohilo, akasema kidinga pepo ya Unguja ya 1823 na 1870 ilikuwa chikungunya. Wengine baada yake, akiwemo Scott Halstead, aliyetumia maisha yake yote kuichunguza dengue, wameongeza kwamba hata homa ya Karibi ya 1827 ilikuwa chikungunya. Yaani ugonjwa wa kwanza kuitwa dengue kwenye vitabu vya madaktari huenda haukuwa dengue. Jina lilichukuliwa na ugonjwa mwingine unaofanana nao, likakaa huko, na ugonjwa wenyewe ukabaki bila jina mpaka ulipokutana na Wamakonde.

Ilikuwa mwaka 1952, kwenye uwanda wa Newala kusini mwa Tanganyika. Homa ilishika vijiji kimoja baada ya kingine. Watu waliamka salama, kufika mchana hawawezi kunyooka. Daktari Marion Robinson alikuwepo na akaandika aliyoyaona, makala yakatoka mwaka 1955 pamoja na ya mwenzake Lumsden. Wenyeji waliuita kwa Kimakonde chikungunya, kile kinachokunja. Si jina la aliyegundua, wala la kijiji. Ni picha ya mgonjwa. Vitabu vingi vya Kizungu kwa miaka mingi viliandika kwamba neno hilo ni Kiswahili. Hapana, ni la Wamakonde, waachiwe. Ingawa mtu anayejua kukunja, kukunjamana na kujikunyata hatakuwa na shida kulielewa. Mama alipoelezwa maana yake alinyamaza kidogo kisha akasema: "Si ndivyo nilivyomwambia yule nesi? Nilisema nakunjika." Na kweli alisema. Nilikuwa nimekaa palepale.

Njia yake pia ni ya kushangaza. Homa ya Unguja ya 1870 iliondoka na majahazi na meli hadi Aden na Arabuni, mwaka uliofuata ikawa Bara Hindi. Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha karibu robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Ikashuka Mombasa. Mwaka 2005 ikawa Komoro, kisha Réunion, ambako karibu thuluthi moja ya kisiwa kizima iliugua, na mwaka 2006 ikawa India. Miaka 130 na zaidi imepita, majahazi yamekuwa ndege, njia ni ileile ya kaskazi na kusi. Mwishoni mwa 2013 chikungunya ikaonekana Karibi, kisiwani Saint Martin. Simama pale ufukweni siku isiyo na ukungu, utaiona Saint-Barthélemy ya Gustavia kwa macho.

Wamakonde si peke yao walioita ugonjwa kwa mwili wa mgonjwa. Mwaka 1959 kaskazini mwa Uganda ukazuka mwingine wa ukoo huohuo, Waacholi wakauita o'nyong-nyong, kulegea kwa viungo, nao katika miaka mitatu ulikuwa umepita kwa watu kama milioni mbili Afrika Mashariki. Kwenye majarida ya London na New York unaandikwa hivyohivyo kwa Kiacholi, na kila profesa anajing'ata ulimi. Virusi vya Zika, ambavyo pia hubebwa na Aedes, vimepewa jina la msitu ulio njiani kuelekea Entebbe vilikogunduliwa mwaka 1947, na hapo mgonjwa hayumo kabisa, kuna miti tu.

Waswidi nao hutumia ramani. Hili nililiacha mwisho kwa makusudi kwa sababu huwa halitarajiwi. Chikungunya na o'nyong-nyong wana ndugu yao hapa hapa, anaitwa Ockelbosjukan, ugonjwa wa Ockelbo, uliotambuliwa miaka ya 1960. Ndiyo, Ockelbo ile ya Gästrikland, alikokulia Prins Daniel. Kirusi chake ni Sindbis, jina la kijiji cha Misri kilikopatikana kwanza. Ndege huhama nacho, mbu humuuma ndege kisha humuuma mchumaji wa matunda, na mwishoni mwa kiangazi mtu anaamka Uswidi na homa, vipele, na viungo vilivyokaza, pengine kwa miezi. Wafini wanauita pogosta, pia jina la mahali. Ukimuuliza mtu wa Ockelbo ugonjwa huo unafanya nini, jina halimsaidii kitu. Ukimuuliza Mmakonde kuhusu wake, ameshakujibu kwa kuutaja.

Nilimsomea nyanya haya yote kwa simu mwezi uliopita, kwa Kiswahili changu cha Husby, nikimrukisha majina ya madaktari. Alisikiliza mpaka kwa Malkia wa Uhispania, hapo akacheka. Kisha akauliza la maana zaidi: mamako vidole vimepona? Nikamwambia vimepona, ila kukiwa na baridi kali kile cha shahada kinamkumbusha. Akasema mamake naye kilikuwa hicho hicho.

Agosti majirani walitualika kwenda kuchuma blåbär, msitu wenyewe uko saa mbili hivi kaskazini mwa Stockholm, kuelekea Gävle. Mama akauliza kama ni karibu na Ockelbo. Nikafungua ramani nikamwonyesha. Akaenda dukani, akanunua blåbär za friza.